Gregor Samsa Alikuwa Anatuma Pesa Nyumbani

Nimechoka kuambiwa kwamba The Metamorphosis ni hadithi ya upweke.

Hapa Nairobi ukimtaja Franz Kafka mbele ya watu wanaosoma, utapata moja kati ya majibu matatu. Wa kwanza atafumba macho kidogo, aseme jamaa alikuwa na huzuni nzito, kisha akutumie picha yenye maneno ya Kafka, mengine ambayo Kafka mwenyewe hakuwahi kuyaandika. Wa pili, aliyepitia chuo, atakuambia ni kitabu kuhusu binadamu kutengwa na ulimwengu, upuuzi wa maisha, na kadhalika na kadhalika. Wa tatu atauliza mbona unasoma mzungu aliyekufa mwaka 1924 na Ngũgĩ hujammaliza. Hawa watatu hawapatani kwa lolote. Lakini kuna kitu kimoja wanafanya sawa: wote wanaziruka pesa.

Mimi nasema hivi. Vitabu vikubwa vya mwanzo wa karne ya ishirini ni vitabu vya pesa. Kodi, deni, mshahara, urithi, nani analisha nani, nani anamwomba nani ruhusa. Tumefundishwa kuzipita kurasa hizo mbio ili tufike kwenye "maana", kana kwamba maana ilikuwa inakaa mtaa mwingine. Na aliyetufundisha kuzipita ametunyang'anya sehemu ya kitabu ambayo sisi, vijana wa mji huu, tungeielewa kuliko profesa yeyote.

Hebu tumhesabie Gregor Samsa.

Siku hadithi inapoanza, amefanya kazi miaka mitano bila kuugua hata siku moja. Anazunguka miji kwa treni akiuza vitambaa vya kampuni. Ameweka alamu saa kumi alfajiri ili awahi treni ya saa kumi na moja. Anaamka, ni saa kumi na mbili na nusu, na mwili wake umekuwa wa mdudu. Sasa angalia anachowaza. Haulizi "mimi ni nani". Anawaza treni. Treni inayofuata ni ya saa moja, na hata akiipata, mtu wa ofisi aliyekuwa anamsubiri kituoni ameshapeleka ripoti. Anawaza kusema ni mgonjwa, lakini bosi atakuja na daktari wa bima, na kwa daktari huyo binadamu wote ni wazima, shida yao ni uvivu tu. Anawaza kwamba kama si wazazi angekuwa ameacha kazi zamani. Wazazi wana deni, na anayewadai ni bosi huyohuyo. Anapiga hesabu: miaka mitano, sita hivi, deni litaisha.

Soma tena hapo. Kijana ameajiriwa na mtu anayewadai wazazi wake. Akiacha kazi, hajajiumiza peke yake. Bosi na baba wameshika kamba ileile, kila mmoja upande wake, na yeye ndiye amefungwa katikati.

Saa moja na dakika kumi, karani mkuu wa kampuni yuko mlangoni. Mtu amekosa treni moja, mara ya kwanza ndani ya miaka mitano, na ofisi imemtuma mkubwa mzima hadi kwao nyumbani. Anaongea kupitia mlango uliofungwa, wazazi wakisikiliza. Anasema kazi ya Gregor siku hizi hairidhishi. Kisha anadokeza kwamba bosi ana maelezo yake kuhusu huku kuchelewa: zile pesa za wateja ambazo Gregor alikabidhiwa azikusanye hivi karibuni. Yaani mwizi. Mbele ya mama yake. Kama hujawahi kushukiwa wizi asubuhi moja uliyochelewa kazini, basi hujawahi kuajiriwa mji huu.

Kuna ukurasa ninaotaka usomwe kwa sauti katika kila darasa. Biashara ya mzee Samsa ilianguka miaka mitano iliyopita, na Gregor aliamini baba yake alibaki mikono mitupu. Ndiyo maana alijitupa kazini kama mtu anayezima moto. Sasa, akiwa amefungiwa chumbani, anamsikia mzee akiwaeleza mama na dada hali ya pesa. Kumbe kuna sefu. Kumbe kuna akiba iliyookolewa, ambayo imekuwa ikizaa riba miaka yote hii. Na kumbe zile pesa ambazo Gregor alikuwa analeta kila mwezi, akijiachia kidogo tu ya matumizi, hazikuwa zinaisha zote. Zilizobaki ziliwekwa pia. Jumla yake ingeweza kuiweka familia mwaka mmoja, miwili kwa wingi.

Gregor anafanya nini? Anatikisa kichwa kwa furaha nyuma ya mlango. Anafurahi kwamba mzee amekuwa mwangalifu. Linampitia wazo kwamba pesa hizo zingeweza kupunguza deni la bosi na kuisogeza karibu siku ya yeye kuacha kazi. Linampitia, analiacha liende. Baba amefanya vizuri.

Nilipofika hapo nilizima simu, kwa sababu ndiko ninakosoma, nikakaa kitandani kwa muda. Hakuna sentensi ya kutisha katika ukurasa huo. Hakuna damu. Ni familia inaongea kuhusu akiba. Na ndio ukurasa wa kuogofya zaidi katika hadithi yote, kuliko miguu midogo midogo, kuliko tufaha ambalo baba anamrushia likamkwama mgongoni likaozea humo.

Kafka anaeleza pia kitu kingine kwa ukavu wa karani. Gregor alipoanza kuleta pesa, alikuwa anaziweka mezani na nyumba nzima inashangaa na kufurahi. Kisha wakazoea, wao na yeye pia. Wao wakapokea kwa shukrani, yeye akatoa kwa moyo, lakini ule ujoto haukurudi. Hakuna mtu mbaya katika maelezo hayo. Hakuna aliyekosa adabu. Kitu kimepoa tu, na malipo yanaendelea.

Halafu Gregor anaacha kuingiza, na watu wanainuka. Baba, ambaye alikuwa anakaa mezani na magazeti mpaka kiamsha kinywa kinachukua masaa, anakuwa tarishi wa benki na kuvaa sare yenye vifungo vya dhahabu. Mama mwenye pumu anashonea duka nguo za ndani. Dada, Grete, miaka kumi na saba, anauza dukani na usiku anasoma hati mkato na Kifaransa. Chumba kimoja kinapewa wapangaji watatu. Kumbe waliweza. Kafka hawatukani kwa hilo. Anatuonyesha mzee amelala kwenye kiti na sare yake, hataki kuivua, amechoka kama alivyokuwa anachoka mwanawe. Kazi ile iliyokuwa inamla mtu mmoja sasa inawala watatu, na ndani ya uchovu huo hakuna aliyebaki na nguvu ya kumhurumia kiumbe aliye chumbani.

Anakufa alfajiri. Mama wa usafi ndiye anayempata. Familia inafanya nini siku hiyo? Wanakaa mezani na kuandika barua tatu za kuomba ruhusa ya kutofika kazini: baba kwa wakuu wake, mama kwa anayempa kazi ya kushona, Grete kwa mwenye duka. Ndipo wanapanda tramu kwenda kupunga hewa nje ya mji, wakipanga kuhamia nyumba ndogo, ya bei nafuu, kuliko ile aliyowachagulia Gregor. Mtoto wa nyumba amekufa, na jambo la kwanza ni kuomba ruhusa. Ukiniambia hiyo ni hadithi ya upweke wa roho, nitakuuliza wewe hujawahi kuomba ruhusa ya matanga?

Kiswahili kinaniongezea jambo hapa. Neno la Kijerumani alilotumia Kafka, Ungeziefer, halitaji mdudu maalumu. Ni neno la jumla la viumbe ambavyo nyumba inataka vitoke: chawa, kunguni, panya. Sisi tuna jina la mdudu tunalomwitia binadamu. Enzi za Ujamaa, Watanzania walimwita anayeishi kwa jasho la wenzake kupe, na kila mtu alielewa. Sasa isome hadithi kwa sikio hilo. Katika nyumba ya Samsa, anayefanya kazi ni mmoja na wanaokula ni wanne. Asubuhi moja, anayegeuka mdudu ni yule mmoja. Siku anayoshindwa kulisha ndiyo siku anayohesabiwa kuwa kupe. Kwetu tunasema mchumia juani hulia kivulini. Gregor alichumia juani miaka mitano, na kivuli alichopata ni cha chini ya kochi.

Na usidhani ninamlisha Kafka maneno. Mwaka 1915, kitabu kilipokuwa kinaenda kuchapishwa, aliwaandikia wachapishaji kuwasihi wasimchore mdudu kwenye jalada. Hata kwa mbali asionekane. Alipendekeza wachore wazazi na karani mkuu mbele ya mlango uliofungwa, au wazazi na dada katika chumba chenye taa, na mlango ulio wazi kuelekea chumba chenye giza. Mwenye hadithi mwenyewe alitaka tuitazame familia na ofisi. Miaka zaidi ya mia moja baadaye bado wachapishaji wanatuchorea mende.

Wasomi watakuambia Kafka alikuwa mtu wa ndoto mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi. Tangu mwaka 1908 hadi kifua kikuu kilipomstaafisha mwaka 1922, alifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague. Aliandika ripoti kuhusu mashine za kuranda mbao, akieleza jinsi mhimili wa mraba unavyokata vidole na mhimili wa duara unavyoviokoa, pamoja na michoro ya mikono iliyopungukiwa vidole. Alijua mwili wa mfanyakazi una bei, na alijua jinsi bei hiyo inavyokadiriwa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Daktari wa bima hakutoka kwenye ndoto.

Kazi ilikuwa inaisha saa nane mchana, na usiku aliandika, katika nyumba ya wazazi, kwenye chumba ambacho watu walikuwa wanakipita kama korido. Mwaka 1911 familia ilifungua kiwanda cha asbesto na shemeji yake, naye akawekwa kama mshirika. Oktoba 1912 shemeji alikuwa safarini, na nyumba nzima ikamkalia Kafka aende asimamie kiwanda saa za alasiri. Hata Ottla, dada yake kipenzi, alisimama upande wa wazazi. Barua aliyomwandikia rafiki yake Max Brod wakati huo ni ya mtu aliyefika ukingoni. Katikati ya Novemba akaanza kuandika kuhusu kijana anayelisha familia, mwenye dada anayempenda ambaye mwishowe atasema huyu lazima aondoke. Unaniambia hiyo ni falsafa tu?

Nimeandika kuhusu Gregor mara nne kabla ya makala hii, na mara zote nne jina lililokaa juu ya karatasi halikuwa langu. Wasomaji wengi wa hapa mnaijua hiyo kazi: mwanafunzi wa Marekani au Uingereza anaagiza insha, kijana wa Kahawa Wendani anaiandika usiku kwa dola chache kwa ukurasa, kupitia akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokuwa imepanda mpaka haikamatiki, lakini nimefaulu vyuo kadhaa ambavyo sijawahi kuviona. Siombi radhi kwa hilo, wala sijisifu. Nalitaja kwa sababu linanipa ushahidi. Maagizo yote manne yalitaka kitu kimoja: kutengwa kwa mtu binafsi katika ulimwengu wa kisasa. Mara ya tatu niliandika kuhusu sefu. Niliandika vizuri, najua. Iliporudi ilikuwa na maelezo kwamba kazi ifanywe upya, kwa sababu uchumi wa familia haumo katika vigezo vya kusahihishia. Nikairudisha kwenye upweke, nikalipwa.

Kwa hivyo ninajua upweke unauzwa bei gani. Unauzwa vizuri kwa sababu haumdai mtu yeyote. Ukisema Gregor ametengwa na ulimwengu, ulimwengu hauna ofisi, hauna karani mkuu, hauna anwani ya kupeleka malalamiko. Ukisema Gregor ameelemewa na deni la baba yake kwa mwajiri wake, maswali yanaanza. Riba ilikuwa kiasi gani? Kwa nini hakuna aliyemwambia kuhusu akiba? Mfanyakazi aliyeugua analindwa na nani?

Na hii si shida ya vyuo vya ng'ambo peke yake. Tumelelewa nayo. Wengi wetu tuliosoma A Doll's House ya Ibsen kwa ajili ya KCSE tunaweza kukutajia maudhui usingizini: ndoa, utambuzi wa nafsi, nafasi ya mwanamke. Muulize mtu Nora alikopa kiasi gani, alilipaje, na kwa nini sheria haikumruhusu kukopa bila idhini ya mwanamume, anakukodolea macho. Tamthilia nzima inaendeshwa na hati ya mkopo yenye sahihi ya kughushi! Lakini swali la mtihani lilikuwa "jadili maudhui", na mkopo ulikuwa ploti tu, ngazi ya kupandia na kuitupa.

Sasa nigeukie yule wa tatu, anayesema Kafka si wetu. Namheshimu kuliko wale wawili, kwa sababu yeye angalau ana sababu. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao pale Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Watu wanakumbuka kuvunjwa na kusahau hoja. Hoja ilikuwa kuiweka Afrika katikati, kisha fasihi nyingine zitazamwe kutoka hapo. Hawakusema tusitazame. Basi mimi nimekaa hapa katikati, kwenye chumba kimoja Wendani, na ninamtazama Kafka kutoka hapa. Kutoka hapa, kitu cha kwanza kinachoonekana ni kwamba jamaa anatuma pesa nyumbani. Anayeomba ruhusa ya Ulaya kumsoma Kafka kwa namna ya Ulaya, na anayekataa kumsoma kwa sababu ni wa Ulaya, wote wawili wamemwachia mzungu aseme kitabu kinamaanisha nini.

Ukidhani nimeokota mfano mmoja unaonifaa, mchukue Virginia Woolf. A Room of One's Own ilitoka mwaka 1929, na leo kila mtu anataja chumba. Chumba kimekuwa mapambo: kiti, mmea, kikombe cha chai, dirisha. Lakini Woolf alitaja vitu viwili, na pesa ndizo alizozitaja kwanza. Alitaja hadi kiasi: pauni mia tano kwa mwaka. Na alieleza msimulizi wake alikuwa anaishije kabla ya hizo mia tano: vibarua vya magazeti, leo maonyesho ya punda, kesho harusi ya watu, kuandika anwani kwenye bahasha, kuwasomea wazee wa kike, kutengeneza maua bandia, kufundisha watoto herufi. Mwandishi yeyote wa kujitegemea Nairobi akisoma orodha hiyo atacheka kwa uchungu. Toa maua bandia, weka kuandika maelezo ya bidhaa za duka la mtandaoni, na hayo ndiyo maisha yangu ya mwaka uliopita.

Tena anasema pesa zilitoka wapi. Shangazi alianguka kutoka kwenye farasi huko Bombay, akafa, akamwachia urithi. Habari zilimfikia karibu na wakati ambapo wanawake walipewa kura, na msimulizi anakiri wazi kwamba kati ya kura na pesa, pesa zilionekana kubwa zaidi. Woolf haelezi shangazi alikuwa anafanya nini India, ila kupunga upepo juu ya farasi. Sisi ambao nchi yetu ilikuwa koloni hatuhitaji kuelezwa. Chumba kilichopo London kilikuwa na kodi iliyolipwa Bombay. Mtu akikuuzia chumba bila mia tano, na mia tano bila Bombay, amekuuzia picha ya dirisha.

Au The Great Gatsby ya mwaka 1925, ambayo mji huu umeigeuza kuwa mavazi ya sherehe. Kila anayepanga karamu yenye shanga na mikufu ya dhahabu angesoma ukurasa mmoja tu kuhusu George Wilson. Ni fundi mwenye gereji kando ya majivu, anayemsihi Tom Buchanan amuuzie gari ili naye aliuze apate chochote. Tom anamzungusha kuhusu gari huku akilala na mke wake. Mwishoni Wilson amekufa, mke amekufa, Gatsby amekufa, na Tom bado ana pesa zake. Hakuna anayekuja kwenye karamu akiwa amevaa kama Wilson.

Nalisikia pingamizi. Kwamba nimevishusha vitabu hivi, nimevifanya daftari la duka. Kwamba fasihi ni zaidi ya hesabu. Nakubali ni zaidi. Lakini hiyo zaidi huifikii kwa kuruka hesabu. Chukua fidla ya Grete. Gregor, katikati ya deni lote lile, alikuwa na mpango wa siri: kumpeleka dada yake chuo cha muziki, ghali kiasi chochote, na alikuwa amekusudia kutangaza usiku wa kuamkia Krismasi. Miezi baadaye, akiwa amejaa vumbi na jeraha mgongoni, anaisikia fidla sebuleni na kutambaa hadi mbele ya wapangaji wote. Ukiwa umeziruka pesa, huo ni mdudu anayependa muziki, kitendawili kizuri cha kujadili. Ukiwa umezihesabu, unajua ule ni muziki aliokuwa anaulipia. Anaenda kuchukua kitu pekee alichokuwa anakifanyia kazi kwa hiari yake. Na ni kwa sababu ya kutoka huko ndiyo dada anasema basi, imetosha.

Wala sisemi watu waache kutuma. Mimi natuma. Nina mdogo wangu wa kidato cha tatu, na mathe hupiga simu Jumatano jioni. Wiki fulani nilikuwa na homa, sauti imekauka, nikamwambia. Akasema pole mwanangu, kunywa maji mengi, weka blanketi. Tukanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetamani asingesema, "Lakini ile ya shule ni Ijumaa." Mama yangu si mzee Samsa. Hana sefu. Nilimsikia akiona aibu, na aibu ile ilikuwa ya kweli kama homa yangu. Kama kuna mtu anafaa kuona aibu, si yeye. Ni yule aliyepanga kwamba elimu ya mtoto mmoja itoke kwenye mapafu ya mwingine, na halafu akaita mpango huo upendo wa familia.

Ndiyo maana suala hili si la wapenda vitabu peke yao. Rika letu linaambiwa kila siku kwamba uchovu wake ni wa kichwani. Jipende, pumzika, weka mipaka, soma Kafka ujue huko peke yako. Hapana. Wengine wetu tumechoka kwa kiasi kinachoweza kuandikwa kwa tarakimu, na kuna vitabu vya mwaka 1915 na 1929 vilivyoziandika tarakimu hizo bila aibu. Kuvisoma kama hali ya moyo ni kutufundisha tuione njaa kama hulka.

Wenye vikundi vya kusoma, wenye madarasa, wenye podikasti za vitabu: mkimfikia Kafka mwezi ujao, anzeni na kalamu na karatasi. Andikeni nani anaingiza, nani anadai, nani ameficha. Jadilini upweke baadaye, mkiwa bado na nguvu. Na mtu akisimama aseme Gregor Samsa alitengwa na ulimwengu, mwacheni amalize kwa heshima. Kisha mumuulize kodi ya hiyo nyumba alikuwa analipa nani.